Pole Haichori Ukurasa

Ukurasa mmoja wa katuni ya mtandaoni, wenye fremu 6 na rangi kamili, msomaji huumaliza kabla kikombe cha chai hakijafika mdomoni mara ya pili. Mchoraji je? Tuhesabu. Kuandika maneno na kupanga fremu, saa 1. Rasimu ndogo ndogo za kutafuta mkao wa wahusika, nusu saa. Penseli, saa 3. Wino, saa 2 na nusu. Rangi za msingi, zile za kujaza tu zisizo na kivuli, saa 1 na nusu. Vivuli na mwanga, saa 2. Viputo, vile viduara vya mazungumzo ya wahusika, na maneno yake, dakika 45. Kusahihisha, kupunguza ukubwa wa faili na kupandisha mtandaoni, nusu saa nyingine. Jumla ni saa 11 na dakika 45, na hapo namsemea mchoraji mzoefu mwenye mkono wa wastani. Wapo wepesi kuliko huyu, na wapo ambao penseli peke yake huwachukua siku nzima.

Sasa mchoraji huyu amewaahidi wasomaji kurasa mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Hizo ni saa 23 na nusu. Kama ana kazi ya kuajiriwa, atachora kwa saa 3 kila jioni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi kwa saa 8 na nusu bila kuinuka. Inabaki Jumapili. Na hapo mtoto hajaugua, hakuna msiba, umeme haujakatika, na bosi hajasema tubaki kidogo tumalizie ripoti.

Kwa hiyo ukurasa wa Jumatatu unatoka Jumatano. Wa Alhamisi hautoki kabisa. Mchoraji anaandika mistari miwili: samahanini sana, wiki hii imenishinda. Chini yake, saa haijapita, salamu zinamiminika: pole sana, usijali, tupo, fanya taratibu, haraka haraka haina baraka. Upendo ulioko kwenye maneno hayo ni wa kweli na hakuna wa kuubeza. Ila tukiwatazama wachoraji wanaochelewa kwa miaka, si kwa wiki, tunaona jambo ambalo wasomaji waaminifu hawapendi kulisikia: pole za namna hii, zikirudiwa kila mara, hazimpunguzii mchoraji hata dakika moja katika zile saa 11, na mara nyingi humwongezea. Nitafika huko. Kwanza tumalizane na mwenye kalamu.

Akiba ndiyo inayomwokoa mchoraji. Kasi peke yake haitoshi. Akiba ni kurasa zilizokwisha kamilika, zimepangiwa tarehe, hazijatoka. Kwa kurasa mbili kwa wiki, akiba ya kurasa 20 ni wiki 10 za kupumua. Kosa la wanaoanza linafanana kila mahali: anachora kurasa 3, zinampendeza, anazindua usiku huohuo. Wiki ya tatu anachora ukurasa wa kesho, na kuanzia hapo maisha yake yote ni ukurasa wa kesho. Mwenye kurasa chini ya 12 mkononi asizindue, hata kama rafiki zake wanamsukuma.

Ubaya wa akiba ni kwamba huliwa haraka na kurudi polepole. Chukua mchoraji mwenye uwezo wa kurasa 2 na nusu kwa wiki, anayetoa 2. Kila wiki anaweka kando nusu ukurasa. Akiugua malaria wiki moja, akiba imepungua kurasa 2, na kuzirudisha kwa nusu nusu kutamchukua mwezi mzima. Akilala wiki 3, atalipa wiki 12. Na yule ambaye uwezo wake ni kurasa 2 barabara, anayetoa zote 2, akiba yake ikishaliwa hairudi milele. Huyu ndiye utakayemwona anachelewa, anaomba radhi, anachelewa tena, hadi wasomaji waseme amekuwa mvivu. Wala si mvivu. Ratiba aliipanga kwa wiki yake nzuri kuliko zote.

Ratiba ipangwe kwa wiki mbaya. Pima saa zako kwa wiki 8, uandike kila hatua. Chukua wiki 3 zilizokuwa mbovu zaidi, tafuta wastani wake, kisha uahidi pungufu ya huo. Kama wiki mbovu zinakupa ukurasa 1 na robo, ahidi ukurasa 1. Wasomaji watanung'unika siku mbili na kuzoea. Ukurasa 1 usiokosa Jumatatu hujenga mazoea ya kusoma. Kurasa 2 zinazokuja zikijisikia humfanya msomaji aache kuzungukia mlango.

Mfano mkubwa wa akiba ni Howard Tayler wa Marekani, aliyechora katuni ya mtandaoni Schlock Mercenary kila siku kuanzia tarehe 12 Juni 2000 hadi tarehe 24 Julai 2020. Miaka 20, hakuna siku iliyorukwa. Wengi wakisikia hivyo husifu nidhamu, nami naisifu, lakini kilichobeba nidhamu hiyo ni mambo ya kawaida kabisa: kurasa zilizotangulia, mtindo wa kuchora usiodai usanifu wa majengo katika kila fremu, na baadaye mtu wa pili wa kutia rangi. Rangi za msingi ndiyo hatua rahisi kuliko zote kumwachia mwingine, kwa sababu haihitaji uamuzi wa kisanii. Anayezitia anahitaji orodha ya rangi za kila mhusika na uvumilivu. Mchoraji akiitoa hatua hiyo tu, ukurasa wetu unashuka hadi saa 10 na robo. Katuni ya Kenya, Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010, tangu mwanzo imekuwa kazi ya timu. Anayejilinganisha nayo akiwa peke yake chumbani anajidhulumu.

Akiba inaliwa na nini? Ugonjwa, ndiyo, ila kuna walaji wengine wasioonekana. Wa kwanza ni ukurasa wa umati. Mchoraji ameandika sherehe ya harusi yenye watu 15, kila mmoja na kanga yake, na kila kanga na pindo lake. Penseli inapanda kutoka saa 3 hadi 6, wino unaenda vilevile, na alipopanga wiki yake aliuhesabu kama ukurasa mmoja. Dawa yake ni kupanga hadithi kwa uzito wa mchoro pamoja na matukio: baada ya harusi, kurasa mbili za watu wawili wanaozungumza barazani usiku, taa moja, ukuta mtupu nyuma. Hadithi nayo hupata pumzi hapo.

Mlaji wa pili ni mbaya zaidi, maana huja amevaa nguo za bidii. Baada ya miaka 3 mkono umekomaa, mchoraji anafungua ukurasa wa kwanza na kuona haya. Macho ya shujaa yamepishana, vidole vinafanana na ndizi. Anaamua achore upya sura ya kwanza, kurasa 60, ili wasomaji wapya wasimcheke. Kwa hesabu yetu ya mwanzo hizo ni saa 705, yaani wiki 30 kamili za kazi ambazo hadithi haisogei hata hatua moja. Wengi wanaoingia humo hawatoki. Rekebisha herufi zilizokosewa, chora upya ukurasa ambao msomaji haelewi nani amempiga nani, basi. Zile ndizi ziache hapo.

Kuna na mambo madogo ya mezani. Faili la ukurasa mmoja likichorwa kwa ukubwa wa A4, nukta 600 kwa inchi, tabaka 30, ni zito. Programu ikizimika wakati inahifadhi, jioni nzima imekwenda. Hifadhi kwa namba mpya kila hatua: penseli faili lake, wino faili lake, rangi faili lake, usiandikie juu ya lile la jana. Nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja mtandaoni. Kwa anayetumia bando, kupandisha mtandaoni faili zima kila usiku ni kuunguza pesa. Pandisha picha ambayo tabaka zake zimeunganishwa kuwa moja kila jioni, na faili kamili mara moja kwa wiki palipo na intaneti nzuri.

Halafu maneno. Anayechora kwa Kiswahili ana tatizo ambalo vitabu vya mafunzo vya kigeni havilijui: neno letu moja ni sentensi nzima. "Hawatatusubiri" ni herufi 14 zisizokatika. Kiputo kilichochorwa chembamba kwa kuiga katuni za Kiingereza kitalazimisha herufi zipungue mpaka zisisomeke, au kiputo kipanuliwe na kufunika uso wa mtu uliyemchora kwa saa nzima. Hii ndiyo sababu ya ule usumbufu wa kurudia mchoro siku ya mwisho, saa tano usiku. Weka maneno kwenye rasimu ndogo, kabla ya penseli, ukiwa na viputo vipana vilivyolala. Kisha punguza rasimu hadi upana wa pikseli 800, ishike simu kwa mkono ulionyooka, usome. Ukikunja macho, anza upya hapo hapo, bado ni nusu saa tu imepotea.

Na mwili. Kifundo cha mkono hakitoi taarifa ya wiki mbili kabla. Huanza na ganzi ya vidole asubuhi, kisha maumivu ya kufungua mfuniko wa chupa, kisha kalamu haishikiki. Anayechora saa 3 mfululizo bila kuinuka, kiwiko kikiwa kinaning'inia, anaijenga ajali hiyo kwa mikono yake. Dakika 50 za kazi na 10 za kusimama hazipunguzi kazi. Zinaifanya iwepo mwakani. Yoshihiro Togashi wa Japani, ambaye hachorei mtandaoni bali jaridani, alisimamisha katuni yake Novemba 2018 na kuirudisha Oktoba 2022. Alieleza kwamba kwa takriban miaka 2 hakuweza hata kukaa kitini achore, kwa ajili ya mgongo. Korea Kusini, ambako katuni za simu hutoka kila wiki na kila sehemu ina makumi ya fremu za rangi, mchoraji wa Solo Leveling, Jang Sung-rak, alifariki Julai 2022 kwa kuvuja damu ubongoni akiwa na miaka 37. Kifo kimoja hakithibitishi sababu, lakini swali la saa za kazi za wachoraji lilirudi mezani, na lilistahili.

Sasa wasomaji.

Zamani swali hili halikuwapo kwa sura hii. Aliyefuata vituko vya Ndumilakuwili katika jarida la katuni la Sani, Tanzania, au vya Kingo, mhusika wa mchoraji James Gayo, alipokosa toleo alimlaumu muuza magazeti. Mchoraji alikuwa jina dogo pembeni mwa fremu. Neno "itaendelea" lilitolewa na gazeti, na gazeti lilikuwa na mhariri, mtambo wa chapa na gari la kusambaza, wote wa kulaumiwa kabla yake. Mtandao umewaondoa hao wote katikati. Neno "itaendelea" sasa linatoka kinywani mwa mtu mmoja, na mia wanaoona halijatimia wanamwona yeye uso kwa uso, usiku na mchana.

Wengi wao ni waungwana, na hapa ndipo tatizo langu lilipo. Mkorofi hana madhara makubwa. Anatukana, anafutwa, yamekwisha. Muungwana anasema "tunakusubiri, tunajua utakachotuletea kitakuwa kizuri". Isome tena kama mtu aliyechelewa wiki 3. Kizuri kiasi gani? Ukurasa wa kawaida wa saa 11 ungetosha wiki ya kwanza. Wiki ya tatu unaonekana haba. Basi anaongeza fremu, anatia mandhari ya mji mzima kwenye fremu ya mwisho, anajiambia itakuwa zawadi yao kwa subira. Ukurasa umekuwa wa saa 20. Kwa kuwa ni wa saa 20, unatoka wiki ya tano. Pole za wiki ya tano ni nyingi kuliko za wiki ya tatu. Nimeuona mzunguko huu katika katuni za lugha mbalimbali na mwendo wake ni uleule: kila pole ni riba juu ya deni ambalo hakuna aliyekusudia kulikopesha.

Deni la upendo likipata na pesa huwa jambo zito zaidi. Mwanzoni mwa 2012 Rich Burlew, mchoraji wa katuni ya mtandaoni The Order of the Stick, aliomba wasomaji dola 57,750 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, ili achapishe upya kitabu kilichokuwa kimeisha sokoni. Watu 14,952 walimchangia dola 1,254,120. Ilikuwa sherehe, na ilistahili kuwa sherehe. Lakini kila kiwango cha mchango kilikuwa na ahadi yake: vitabu, sumaku, hadithi za ziada, michoro maalumu. Upendo ulikuwa umeandikwa kama orodha ya kazi, na orodha hiyo ilikuwa ya mtu mmoja. Septemba mwaka huohuo alijikata vibaya kidole gumba kwa glasi iliyovunjika, akashindwa kuchora kwa miezi. Baadhi ya zawadi zile zilichukua miaka mingi kukamilika. Na kumbuka wahusika wake ni wa vijiti, mikono mistari, vichwa duara. Anayedhani mchoro mwepesi haucheleweshi hajawahi kuandika mzaha wa fremu 12 ukachekesha.

Hadhi ya Burlew kwa wasomaji wake haikuvunjika, na sababu mojawapo ni kwamba katuni yake haijidai kuwa na siku maalumu. Hutoka ikiwa tayari, wasomaji wameizoea hivyo kwa miaka. Asiye na siku hawezi kuchelewa. Huo ni uamuzi halali kabisa, mradi ufanywe mapema na kusemwa wazi, si kuutumbukia kwa kushindwa. Gharama yake ni wapita njia: msomaji wa juu juu hatarudi kuchungulia mara kwa mara, na watabaki wale walioweka taarifa ya kuletewa.

Kuna pia mchoraji asiyechelewa kwa saa wala kwa kifundo. Allie Brosh, aliyechora blogu ya katuni Hyperbole and a Half, alinyamaza kuanzia Oktoba 2011 hadi Mei 2013 kwa ajili ya sonona. Aliporudi alieleza kwa picha jinsi watu wenye nia njema walivyokuwa wakimpa matumaini, akafananisha na mtu ambaye samaki wake wamekufa, na kila anayemwendea anasema tuwatafute, watapatikana, au tuwape chakula. Samaki hawajapotea. Wamekufa. Anachohitaji ni mtu wa kusema: loo, samaki wako wamekufa kweli. Sijasoma maelezo mafupi na sahihi zaidi ya pole iliyokosa shabaha.

Ajabu ni kwamba Kiswahili tunalo jambo hili tayari. Ukienda kumjulia hali mgonjwa husemi "tunajua utapona vizuri sana tukushangilie". Unasema pole, naye anasema nimeshapoa hata kama hajapoa, unaweka machungwa mezani, unaongea habari za jirani, unaondoka kabla hajachoka. Humuulizi atarudi lini kazini. Huo ndio ustaarabu unaopotea tukishika simu.

Kwa vitendo, basi. Msomaji anayetaka kusaidia aseme kitu kimoja mahususi kuhusu ukurasa uliokwisha toka: ile fremu ya nne ya sura ya 3, mama anavyofunga kitenge huku anasikiliza mlangoni, nilirudi kuiangalia mara mbili. Maneno hayo hayadai chochote kesho. Yanamwambia mchoraji kwamba kazi iliyopo ina uzito, kwa hiyo inayofuata haihitaji kuwa muujiza. Swali la "lini" asiliulize hadharani kabisa, hata kwa mzaha, hata kwa kikaragosi cha mtu aliyegeuka mifupa akisubiri. Kikaragosi kimoja ni kichekesho. Kumbuka mchoraji anavipokea 40. Badala ya kuzungukia kila siku, aweke RSS (huduma ya kuletewa mapya ya tovuti) au taarifa ya barua pepe, ukurasa umfuate yeye. Akiona herufi imekosewa amtumie faragha, namba ya ukurasa, namba ya fremu, neno lililopo, neno linalotakiwa. Hiyo ni dakika 10 amempunguzia mtu. Kama anajua kutia rangi za msingi, au kutafsiri, au kulipia jina la tovuti linaloisha muda, aseme hivyo kwa sentensi moja na asikasirike akikataliwa.

Pesa ni sehemu ngumu, na ushauri mwingi unaotolewa ni mwepesi mno. Patreon, tovuti ya kuwachangia wasanii iliyoanzishwa 2013, ilizoesha watu njia mbili: kuchangia kwa mwezi au kuchangia kwa kila kazi inayotoka. Ya kila kazi inaonekana ya haki kwa msomaji, ila humkata mchoraji kipato siku ile ile aliyolazwa. Ya mwezi humlisha akiwa mgonjwa, lakini kila mwezi unaokatwa bila ukurasa mpya ni sindano. Kwa maoni yangu ya mwezi ni bora, kwa sharti moja: isemwe mwanzoni kwamba mchango unalipia kuwepo kwa katuni, si idadi ya kurasa, na mchoraji asimamishe makato mwenyewe ikiwa mapumziko yatapita miezi 2. Kitufe cha kusimamisha makato kipo. Wachache hukitumia kwa kuogopa kwamba wachangiaji hawatarudi. Baadhi hawatarudi kweli. Bora hao kuliko wale 50 wanaokaa wakihesabu. Na michango midogo midogo ya papo kwa papo kwa simu, shilingi 1,000 ya leo kwa sababu umeomba radhi, ndiyo mibaya kuliko yote: inamfundisha mtu kwamba kuomba radhi kunalipa kuliko kuchora.

Mchoraji naye ana adabu zake. Tarehe itajwe ikiwa ukurasa umekwisha, si ukiwa karibu kwisha. "Karibu" ya mchoraji ni penseli. Bado saa 7 na robo. Kama lazima aseme kitu, aonyeshe kipimo bila tarehe. Togashi alifungua akaunti ya Twitter Mei 2022 na alichokuwa akiweka ni picha ya pembe ya karatasi yenye namba ya ukurasa, mchoro wenyewe karibu hauonekani. Mamilioni walimfuata kuangalia pembe za karatasi. Hakukuwa na samahani, hakukuwa na tarehe, na kila mtu alijua kazi inatembea. Tangazo la mapumziko lisizidi mistari mitano: nini kimesimama, kwa sababu gani kwa neno moja tu (afya, kazi, familia), taarifa inayofuata itatoka lini hata kama ni ya kusema bado, michango inafanywaje, na wapi pa kusoma tangu mwanzo. Maelezo marefu ya dhiki huzaa majibu marefu, na majibu marefu hudai kujibiwa. Jioni tatu zimekwenda.

Ukurasa wa kurudi uwe mdogo. Fremu 3, wahusika 2, hakuna mandhari ya mji. Uchorwe wa tano wakati wa mapumziko na utoke wa kwanza, nyuma yake kukiwa na kurasa nne zilizokamilika. Usiambatane na samahani. Wasomaji wataandika karibu tena, umetukosesha raha, na mchoraji ajibu kwa neno moja, asanteni, kisha afunge simu. Ukurasa wa Alhamisi bado hauna wino.